Gombe si Kongo, wala si pori tu: msitu wa mvua unavyofanya kazi

Tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwemtu, afariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, Gombe, hifadhi yetu iliyo kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, imezungumzwa kuliko kawaida, redioni, kwenye simu na kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji na Mwanga. Pamoja na sifa za Mwingereza huyo aliyeshuka kwenye boti ufukweni Gombe Julai 1960, umerudi mkanganyiko wa siku nyingi. Wapo wanaosema sokwemtu wa Gombe wanaishi katika msitu wa mvua, sawasawa na ule wa Kongo. Wapo wanaobisha kwamba hapo hakuna msitu, ni pori tu la miombo, miti inayopukutisha majani kiangazi, kama la Uvinza au Urambo, linalokauka na kuungua kila kiangazi. Na wapo wa tatu, wanaozidi kuongezeka kwa sababu ya habari za biashara ya kaboni, wanaouliza: hivi hawa wageni wanalipia nini hasa? Wananunua hewa yetu?

Ukiyasikiliza vizuri, maneno hayo yote yanatokana na pengo moja. Sura ya msitu wa mvua tunaijua kwa picha, lakini kinachouendesha hatujaelezwa. Naamini mtu wa Kigoma ana haja ya kulijua hilo kuliko Watanzania wengine wengi, maana sisi tunaishi pale hasa msitu huo unapokomea.

Tuanze na maana

Wanaikolojia huigawa nchi kavu katika maeneo makubwa kwa kuangalia hali ya hewa na mimea inayoota humo. Kila eneo la namna hiyo huitwa bayomu. Jangwa ni bayomu, savana ni bayomu, na msitu wa mvua wa tropiki nao ni bayomu. Tropiki ni ule ukanda ulio pande zote mbili za ikweta, ambako jua hufika utosini walau mara moja kwa mwaka na majira ya baridi kali hayapo.

Sasa ni nini kinachoufanya msitu uwe wa mvua? Wengi hujibu kwamba ni mvua nyingi. Jibu hilo ni nusu. Kweli misitu hii kwa kawaida hupata milimeta 2,000 au zaidi kwa mwaka, lakini jumla ya mwaka siyo inayoamua. Kinachoamua ni kwamba mvua haikatiki. Katika mpangilio wa hali za hewa ulioasisiwa na Wladimir Köppen, ambao ungali unatumika sana, hali ya hewa ya msitu wa mvua ni ile ambayo hata mwezi mkavu kuliko yote haupungui milimeta 60, na mwezi wa baridi kuliko yote haushuki chini ya wastani wa nyuzijoto 18. Ipo misitu ya mvua inayovumilia mwezi mmoja au miwili chini ya kipimo hicho. Miezi minne au mitano ya ukavu ni habari nyingine kabisa.

Misitu hiyo imekusanyika sehemu tatu kubwa: bonde la Amazon huko Amerika ya Kusini, bonde la Kongo pamoja na pwani ya Afrika Magharibi, na visiwa na rasi za Asia ya Kusini-Mashariki hadi New Guinea. Vipo na vipande vidogo, kwa mfano mashariki mwa Madagaska.

Linganisha na kwetu. Mji wa Kigoma hupata takriban milimeta 1,000 kwa mwaka, na Tabora hupungukiwa kidogo. Karibu mvua hiyo yote hunyesha kati ya Oktoba au Novemba na mwanzo wa Mei. Juni, Julai na Agosti hakuna kitu. Wala usiseme ni kwa sababu tuko mbali na ikweta. Mji wa Iquitos nchini Peru, uliozungukwa na msitu wa Amazon, uko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kigoma na Tabora ziko karibu nyuzi 5. Tofauti ni upepo. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Novemba hadi Aprili unakuwa juu yetu, na hewa yenye unyevu hutufikia, ikiwemo ile inayovuka kutoka upande wa Kongo. Katikati ya mwaka ukanda huo huhamia kaskazini, kisha pepo za kusini-mashariki zinashika zamu. Pepo hizo huwa zimeshamwaga maji yake pwani na kwenye milima ya mashariki, kwa hiyo zinapofika Tabora na Kigoma zimebaki kavu.

Basi Gombe ni nini?

Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1968, ni ukanda mwembamba wa vilima unaopanda kutoka ziwani, takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye mgongo wa milima unaozidi meta 1,500. Kutoka kwenye mgongo huo vinateremka vijito: Mitumba, Kakombe, Mkenke na vingine. Ndani ya mabonde ya vijito hivyo utakuta miti mirefu isiyopukutisha majani yote kwa wakati mmoja, mitambaazi iliyoning'inia, kivuli kizito na udongo wenye unyevu hata Agosti. Toka kwenye bonde, panda mteremko kidogo tu, na uko kwenye miombo. Panda hadi juu, unakuta nyasi.

Kwa hiyo wabishani wa kijiweni wote wameona kitu cha kweli, ila kila mmoja amesimama sehemu yake ya kilima. Kwa mti, maji ya mvua na maji yanayopita chini ya ardhi ni maji. Bonde la Kakombe halinyeshewi mwaka mzima, lakini mizizi iliyomo haikauki mwaka mzima, na mimea inaitikia hivyo hivyo. Msitu wa aina hii huitwa msitu wa kijani kibichi wa kando ya mito. Ni ndugu wa msitu wa mvua, una baadhi ya spishi zilezile za Kongo, lakini unategemea kijito badala ya wingu.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwemtu kusini zaidi kando ya ziwa hilohilo, ni hatua moja mbele. Kilele chake cha Nkungwe kinafika meta 2,462, yaani karibu meta 1,700 juu ya maji ya Ziwa Tanganyika. Hewa yenye unyevu inaposukumwa kupanda kimo hicho, inapoa na kuachia mvua. Ndiyo maana mteremko wa magharibi unaotazama ziwa, ambako Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi yake ya kuwafuatilia sokwemtu mwaka 1965, una msitu mnene, ilhali ukivuka upande wa mashariki unarudi kwenye miombo. Hata hivyo, nako kiangazi kipo.

Anayetaka msitu wa mvua usio na ubishi ndani ya Tanzania itambidi aende Usambara, Uluguru au Udzungwa, milima inayokamata unyevu wa Bahari ya Hindi, au Minziro mkoani Kagera, ambako msitu wa Kongo kweli umechungulia ndani ya mipaka yetu. Sisi Kigoma tuna ukingo. Kwangu mimi, ukingo huo una thamani ya pekee: ni mahali ambapo mnyama mmoja, sokwemtu, ameonyesha kwamba anaweza kuishi bondeni kwenye giza la mitambaazi na pia kwenye miombo ya Masito na Ugalla inayokauka. Sokwemtu wengi wa Tanzania wanaishi nje ya Gombe na Mahale.

Na hapo inafaa kuitetea miombo. Mtu anayepita kwa treni kati ya Tabora na Kigoma mwezi Agosti anaona matawi matupu na majivu, anasema nchi imekufa. Haijafa. Mtundu, muyombo na miti ya jamii zao hupukutisha majani ili isipoteze maji wakati ardhi haina cha kuwapa. Kisha, majuma kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, huchipua majani mapya mekundu kwa maji yaliyohifadhiwa ndani ya shina na mizizi. Mizizi hiyo imeungana na kuvu wa chini ya ardhi ambao huipa miti madini na kupokea sukari. Uyoga tunaonunua kando ya barabara wakati wa masika, pamoja na ladha yake yote, ni tunda la muungano huo. Huo ni msitu kamili. Isipokuwa umejengwa juu ya kanuni ya kusubiri, wakati msitu wa mvua umejengwa juu ya kanuni ya kutosubiri kabisa.

Ndani ya msitu usiosubiri

Pale ambapo maji hayakatiki na joto halishuki, mti hauna sababu ya kupukutisha majani yote. Ukibaki na majani mwaka mzima, unafunga mwanga mwaka mzima. Jirani yako naye anafanya vivyo hivyo. Matokeo yake, kitu adimu katika msitu wa mvua siyo maji wala joto, ni mwanga. Miti mingi hukutanisha vichwa vyake kati ya meta 30 na 45 kutoka chini na kutengeneza paa. Michache hupenya juu ya paa hilo. Mrefu kuliko yote uliopimwa katika tropiki, huko Sabah katika kisiwa cha Borneo, ulitangazwa mwaka 2019 kuwa na meta 100.8. Chini, sakafuni, hufika asilimia 1 au 2 tu ya mwanga ulioanguka juu.

Ukilishika hilo, mambo mengi yanajieleza. Mitambaazi haigharamii shina nene. Inapanda juu ya mgongo wa wenzake. Mimea mingine huota juu kabisa ya matawi bila kugusa ardhi. Miche hukaa chini miaka na miaka bila kurefuka, hadi mti mkubwa uanguke na kufungua tundu la mwanga, ndipo mbio zinapoanza. Wanyama nao wengi wako juu kwenye majani, maua na matunda. Mgeni anayetegemea kuona makundi ya wanyama kama Serengeti atatembea kutwa akiwa na ukimya na siafu, ilhali meta 30 juu ya kichwa chake kuna maisha yasiyo na idadi.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa kuliko yote, na nitakaa hapa kidogo maana limegharimu ardhi nyingi. Watu huuona msitu mnene wakasema: udongo uliobeba miti hii lazima uwe na rutuba ya ajabu, ukifyekwa tutavuna hadi tuchoke. Ukweli ni kinyume. Sehemu kubwa ya udongo wa misitu ya mvua ni maskini. Umenyeshewa na kuoshwa kwa mamilioni ya miaka, na madini yanayoyeyuka yameshateremka na maji. Utajiri umo kwenye miti yenyewe.

Mfikirie mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi. Ukifungua kibubu chake hukuti kitu, lakini kila siku anakula, anasomesha na anauza. Fedha yake iko kwenye dagaa aliowaanika, wakiuzwa ananunua wengine siku hiyohiyo, haikai. Akija mtu akamchukulia mzigo wote wa dagaa, hatamkuta na akiba ya kuanzia tena. Msitu wa mvua unaishi hivyo. Jani likianguka, mchwa, bakteria na kuvu wanalivunja ndani ya miezi michache kwa msaada wa joto na unyevu. Mizizi, ambayo mingi haizami sana, iko papo hapo juu ya udongo na hunyonya kilichofunguliwa kabla mvua haijakiosha. Kinarudi juu, kinakuwa jani jingine. Hasara kidogo isiyoepukika hufidiwa polepole na vumbi na mawe yanayomomonyoka. Watafiti wa NASA walikadiria mwaka 2015 kwamba upepo hupeleka Amazon takriban tani 22,000 za fosforasi, mojawapo ya madini yanayolisha mimea, kila mwaka katika vumbi la Sahara, sehemu kubwa ikitoka bonde kavu la Bodélé nchini Chad, na kwamba kiasi hicho kinakaribiana na kile ambacho mvua na mafuriko huondoa.

Ukifyeka na kuchoma, majivu yanakupa msimu mmoja au miwili ya mavuno mazuri, na hapo ndipo imani ya rutuba inapopata ushahidi wake. Msimu wa tatu mahindi yanakuwa ya njano. Wazee walilijua hili, ndiyo maana walihama na kuliacha shamba lipumzike miaka mingi. Kilimo kile kilifanya kazi watu walipokuwa wachache na ardhi ilikuwa nyingi. Kwenye miteremko mikali ya kando ya ziwa letu hasara inaongezeka mara mbili: udongo unateremka, na matope yanakwenda kufunika mawe ya ufukweni ambako samaki wa Tanganyika hula na kuzaliana.

Kwa nini miti haifanani, na sokwemtu wanahusikaje

Huko Lambir, jimbo la Sarawak nchini Malaysia, wanasayansi wamehesabu kila mti katika eneo la hekta 52 na kukuta karibu spishi 1,200. Inawezekanaje mti mmoja usishinde mingine yote?

Maelezo yaliyosimama vizuri yalitolewa na Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kivyake. Kila aina ya mti ina maadui wake: wadudu, kuvu, magonjwa yaliyozoea aina hiyo tu. Maadui hao wamejaa karibu na mti mama. Katika nchi yenye kipupwe au kiangazi kikali, baridi au ukavu huwapunguza kila mwaka. Kwenye joto na unyevu usiokatika hawapungui kamwe. Mbegu ikianguka chini ya mamaye, huliwa. Ikibebwa mbali, inapona. Kwa njia hiyo nafasi iliyo karibu na mti inaachiwa wa aina nyingine, na hakuna ukoo unaotawala pote. Kanuni hii ina mipaka yake. Huko Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, yapo maeneo makubwa ambako mti mmoja, Gilbertiodendron, umechukua sehemu kubwa ya paa. Lakini kwa misitu mingi inashika.

Hapo ndipo sokwemtu anapoingia kama mfanyakazi wa msitu. Mbungo ni mtambaazi, na sokwemtu wa Mahale na Gombe wanapenda mabungo kama tunavyopenda sisi, ila wao humeza na mbegu. Saa kadhaa baadaye mbegu zinatoka bonde jingine zikiwa na samadi yake. Hondohondo, nyani na popo walao matunda wanafanya kazi hiyohiyo, kila mmoja kwa ukubwa wa mbegu anayoiweza. Ukiwinda wanyama hao wakaisha, msitu utaonekana mzima kwa miaka mingi, kwa kuwa miti mikubwa haijafa. Kumbe watoto wake wote wanaanguka chini ya mama zao na kuliwa. Kwa maoni yangu huu ndio uharibifu wa hatari zaidi, maana picha ya setilaiti haiuonyeshi.

Mapafu, mvua na kaboni

Tumekaririshwa kwamba misitu ya mvua ni mapafu ya dunia na tukiikata tutakosa oksijeni. Nasema kwa moyo wote kwamba misitu inastahili kulindwa, lakini siyo kwa hoja hii. Majani hutoa oksijeni mchana, ni kweli. Lakini miti yenyewe inapumua usiku na mchana, na kuvu, bakteria na mchwa wanaovunja majani na magogo nao wanatumia oksijeni. Katika msitu uliokomaa, inayotengenezwa na inayotumika zinakaribia kulingana. Oksijeni iliyo angani, asilimia 21 ya hewa, ilijikusanya kwa muda mrefu mno na haiwezi kwisha kwa sababu ya msitu mmoja kukatwa.

Kinachotupasa kuogopa ni vitu viwili vingine.

Cha kwanza ni maji. Mti wa msituni hunyonya maji ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia majani. Mvuke huo unakuwa wingu, wingu linanyesha mbele kidogo, na miti ya huko inarudia. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazil, Eneas Salati, alifuatilia aina za atomu za oksijeni ndani ya maji ya mvua kutoka pwani ya Atlantiki kuelekea ndani, akaonyesha kwamba Amazon hujitengenezea takriban nusu ya mvua yake yenyewe. Kwa hiyo usemi kwamba misitu huleta mvua una ukweli, ila ni ukweli wa eneo kubwa. Kupanda miti ishirini nyuma ya nyumba hakutakuletea wingu. Kukata msitu mpana kunaweza kumnyima mvua mtu aliye mbali, chini ya upepo. Nasi tupo chini ya upepo wa Kongo kwa sehemu ya masika yetu.

Cha pili ni kaboni. Karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni iliyotolewa kwenye hewa ukaa. Mti ukichomwa au kuoza, inarudi angani na kuongeza joto la dunia. Bonde la Kongo lina hazina nyingine kubwa chini ya ardhi: mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Greta Dargie na Simon Lewis walieleza kwamba kwenye vinamasi vya katikati ya bonde hilo kuna mboji iliyokusanyika kwa maelfu ya miaka katika eneo la takriban kilometa za mraba 145,500, ikiwa na kaboni inayokadiriwa kufika tani bilioni 30. Maji ndiyo yanayoizuia isioze. Vinamasi vikikauka, itatoka. Na Amazon nako, utafiti wa Luciana Gatti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba upande wa kusini-mashariki uliokatwa sana tayari unatoa kaboni nyingi kuliko inayomeza.

Sasa tumjibu yule anayeuliza kuhusu hewa. Anayenunua kaboni ya msitu wa kijiji habebi hewa wala hapunguzi hewa ya mtu. Analipia ahadi inayopimwa: kwamba miti ambayo ingekatwa haikukatwa, na kaboni iliyomo imebaki humo. Tanzania ilitunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022. Maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji ni mengine: nani alipima, mkataba ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata sehemu gani, na wafugaji na warina asali wataendelea kuingia msituni kwa utaratibu upi.

Michikichi na moto

Mchikichi ni mti wa asili wa Afrika Magharibi na ya Kati, wa kingo na matundu ya misitu ya mvua, maana unapenda jua na maji kwa pamoja. Kigoma bila mawese siyo Kigoma. Tangu Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alipoanzisha kampeni ya kulifufua zao hili mwaka 2018, na kituo cha Kihinga cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, mashamba yamekuwa yakiongezeka, nami nalifurahia hilo. Lakini shamba la michikichi siyo msitu, hata liwe la kijani namna gani. Ni aina moja ya mti, wa rika moja, usio na tabaka za chini wala chakula cha mwaka mzima kwa mnyama. Borneo na Sumatra zimepoteza misitu mikubwa kwa ajili ya zao hili.

Kwetu mgongano unatokea mahali padogo na panapojulikana. Mchikichi unataka mvua karibu mwaka mzima; sisi hatuna. Kwa hiyo mkulima mwenye akili anaupanda bondeni, penye maji ya chini. Na bondeni ndipo palepale ambapo msitu wa kijani kibichi umebaki, kwa sababu ileile. Kupanda michikichi kwenye mashamba ya zamani yaliyochoka ni jambo jema. Kufyeka msitu wa bonde ili kuipanda ni kuondoa kivuli kinacholinda kijito ambacho michikichi hiyohiyo inakitegemea.

Urejeshaji wa misitu nao unategemea umejua uko kwenye msitu gani. Miombo ina nguvu ya kuchipua kutoka visiki na mizizi iliyobaki hai. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa na taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, ulionyesha kwamba kijiji kikitenga eneo na kuliachia visiki vyake, miti inarudi bila kununua mche hata mmoja. Kung'oa visiki hivyo ili kupanda mikaratusi kwa mistari ni kutupa mizizi ya miaka mingi. Msitu wa bonde ni tofauti; huo hurudi kwa mbegu, na mbegu zinahitaji kivuli na wabebaji.

Moto ndio unaotofautisha misitu hii miwili waziwazi zaidi. Miombo imeishi na moto kwa muda mrefu sana. Magome yake mazito yanavumilia. Moto mwepesi wa mapema, wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, huunguza kidogo na kuzimika. Moto wa Septemba au Oktoba ni mwingine: nyasi zimekauka hadi chini, majani mapya mekundu yameshatoka, na unaua machipukizi yote. Mti wa msitu wa kijani kibichi, kwa upande wake, una gome jembamba kwa kuwa haukujiandaa kwa moto hata siku moja. Unaokolewa na unyevu wake tu. Moto mkali wa mteremkoni ukilamba ukingo wa bonde, miti ya mstari wa mbele inakufa, jua linaingia, nyasi zinaota pale ilipokuwa kivuli, na mwaka unaofuata moto una chakula cha kuufikisha hatua chache ndani zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Kwenye vijito vya Kigoma, ndani ya mita hizo 60 ndimo msitu wa bonde unamoota. Kijiji kinachoanza kupanga matumizi ya ardhi yake kingeanza kwa kuzipima na kuziwekea alama, kisha kukubaliana nani atasafisha njia ya kuzuia moto kwenye ukingo huo kabla Juni haijaisha.